Mishale Wakati wa Mvua



Zaburi ya 127 yawafananisha watoto na mishale mkononi mwa mtu hodari. Twaisoma sana wakati wa shukrani za wazazi, nasi hupita upesi, maana wengi wetu hapa Tunduma hatujapata kushika mshale. (Wala hatuandiki haya ili mtu aende porini kuwinda bila kibali.) Basi na tukitazame kwanza chombo chenyewe.

Katika nchi yetu Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde hata leo. Nyuma ya mshale hufunga manyoya ya kanga au ya tai kwa kano za mnyama. Kano hufungwa ikiwa mbichi, nayo ikikauka hukaza sana. Manyoya hayo ni mepesi, hayaui kitu. Lakini pasipo hayo mshale huyumba na kwenda kando. Nayo ndiyo ya kwanza kuharibiwa na mvua. Unyoya ukilowa hulala na kushikamana, na kano ikilowa hulegea. Kigumba kikishika kutu chaweza kunolewa. Kasoro ya unyoya huenda usiione mpaka umekwisha kuachia upinde, na mnyama amekimbia.

Tena mshale haulowi siku ya kuwinda tu. Hulowa pia ukiwa hauna kazi, umeegemezwa ukutani chini ya paa linalovuja. Ndiyo sababu ya kuwa na podo. Katika Isaya 49, mstari wa 2, mtumishi wa Bwana asema ya kuwa alifanywa mshale uliosuguliwa, kisha akafichwa podoni. Kufichwa huko hakukuwa kusahauliwa.

Kwetu mkoani Songwe mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Ni Novemba hiyo hiyo watoto wetu hufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Matokeo hutoka mwezi Januari, na wanaochaguliwa kuingia Kidato cha Tano huanza Julai. Ni miezi mingi mno! Kwa miaka minne wazazi wamenoa kigumba: sare, madaftari, masomo ya jioni. Mtihani ukiisha, mtoto huachwa aegemee ukutani. Na nje ya mlango kuna mpaka wa Nakonde, foleni ya malori, wabadilisha fedha, nyumba za wageni, na mtu mwenye noti mkononi anayetafuta kijana wa kuvusha mzigo usiku. Binti wa miaka 17 hununuliwa simu na mtu ambaye wazazi wake hawalijui hata jina lake. Haya hatuyasomi magazetini. Ni ya mitaa yetu.

Yatupasa basi tuulizane, podo la nyumba yangu ni lipi? Ni sala ya jioni ambayo baba naye yupo. Ni chakula kinacholiwa pamoja, siku shambani katika kahawa au mahindi, kwaya, kufundisha watoto wadogo Jumapili. Podo si sanduku la kufungia mtu. Mishale hukaa humo ili itolewe, na kijana asiyetoka kamwe hatajua njia.

Tena unyoya uliokunjamana hautupwi. Hushikwa juu ya mvuke wa chungu, polepole, nao hufunguka na kurudi katika umbo lake. Ukiupeleka motoni utaungua. Wako watoto wetu ambao wamekwisha kulowa, na wengine wanaogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya maneno wanayoyajua kuwa yanawangoja mlangoni. Baba mpendwa, mama mpendwa, mwacheni kwanza aingie, ale, alale. Ya kusema yasemwe asubuhi, kwa sauti ya chini.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya ibada, wazazi wote wenye watoto waliomaliza Kidato cha Nne wabaki kanisani kidogo. Tutawataja watoto hao kwa majina mbele za Bwana, pamoja na wale wasioonekana nyumbani siku hizi.