Sherehe za Mtaa na Haki ya Jirani

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Swali letu ni hili: sherehe ya mtaa ni ya wenye kuifanya peke yao, au mtaa mzima una haki ndani yake? Sisi ni watu wa pwani, lakini mfano wetu twautoa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kwa kuwa mila nyingi za huko ni zetu wenyewe zilizosafiri. Pumwani, iitwayo na wengi Majengo, ilianza katika miaka ya 1920, na Waislamu walikuwamo katika wenye nyumba wake wa mwanzo. Walijenga kwa namna ya Kiswahili, wakapangisha vyumba kwa watu wa makabila mbalimbali. Msikiti mmoja mashuhuri wa hapo wachukua jina la Riyadha, kama ule wa Lamu. Hata ngoma ya beni ilifika Nairobi, ile ambayo Mombasa ilikuwa na vyama vyake vya Kingi na Skochi, vikishindana kwa mavazi, tarumbeta na karamu. Beni imekwisha, lakini tabia ya kushindana haikwisha nayo.

Watu wa mitaa hiyo, kama watu wa kwetu, wana kauli mbalimbali juu ya maulidi, arusi na shamrashamra za Idi. Wako wasemao kuwa kila shangwe ni uzushi, wakafunga milango yao. Wako wasemao kuwa waliyoyafanya wazee hayaulizwi. Na wako wasiosema neno, wangojao sinia tu.

Kauli ya kwanza yawafanya watu wadhani kuwa dini ni uso wa kukunja. Imepokewa kwa njia sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akitazama. Furaha, basi, si haramu. Kauli ya pili nayo ni dhaifu, kwani ukale wa jambo si dalili ya uzuri wake. Ibada ina mipaka iliyowekwa, wala hapana ruhusa ya kuizidisha. Amma mila hupimwa kwa athari yake.

Basi na tuipime kwa maswali matatu. Kwanza, nani alipa? Mtu akikopa kwa ajili ya pilau ya siku moja, kisha wanawe wakarudishwa chuoni kwa kukosa ada, amewadhulumu wanawe ili asifiwe na wageni. Pili, nani aalikwa? Tumefundishwa kuwa chakula kibaya mno ni cha karamu waitwayo matajiri wakaachwa maskini. Ndiyo maana zakatulfitri, pishi moja kwa kila kichwa, hutolewa kabla ya Sala ya Idi, ili maskini naye aamke ana chakula. Tatu, nani audhiwa? Majengo, Muislamu na asiyekuwa Muislamu hutenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Upande wa pili yuko mgonjwa, yuko mtoto wa mtihani, yuko mwenye kuamka alfajiri kwenda kazini. Kipaza sauti kikilia mpaka usiku wa manane, jirani huyo hajifunzi sifa za Mtume; ajifunza kuwachukia wamsifuo. Na ni khasara gani kubwa kuliko hiyo?

Yatupasa tusiwatenge ndugu zetu kwa kusherehekea, wala tusiwanyamazie wakifanya israfu. Akualikaye jirani, nenda, ukae naye, umnasihi kwa upole. Mwenye kususa hasikilizwi. Na wewe ukialika, anza na mlango wa mjane na wa asiyekuwa na kitu, punguza sinia moja ulipe ada ya yatima, na usiku uingiapo uwaache watu walale.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.