Kupigwa Picha Nyumbani: Idhini ni ya Nani?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), jueni ndugu zangu ya kuwa swali hili limenijia mara nyingi hapa Ifakara, na kila anijiaye nalo huliuliza kwa namna moja: "Maalim, kuwapiga picha watu wa nyumbani ni halali au haramu?" Nami kwa miaka mingi nalijibu kama nilivyosomeshwa, nikafunga kitabu, muulizaji akaenda zake. Sasa naona ya kuwa swali lile lilikuwa nusu, na jawabu yangu nayo ilikuwa nusu.

Nusu ya kwanza ni hii. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaj ameitaja sura ya kiumbe chenye roho katika mlango wa karamu ya arusi, pale aelezapo mambo yanayomwondolea mtu wajibu wa kuitika mwaliko. Iliyo ukutani, au darini, au katika pazia, ni munkari. Iliyo katika busati linalokanyagwa haina neno, wala sura ya mti. Na asili ya haya ni khabari mashuhuri ya Bibi Aisha (r.a.) na pazia lake lililoondolewa, kisha likakatwa likafanywa mito. Walakini Imam Nawawi hakuiona kamera, kwani khabari ya chombo hicho ilitangazwa Paris mwaka 1839. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hatta 1920, aliandika risala akasema kwamba picha ya kamera si kuumba kwa mkono, bali ni kivuli kilichozuiliwa, mfano wa sura ya mtu katika kioo lau kioo kingeishika. Yeye ni Hanafi nasi ni Mashafi'i, lakini hoja husikilizwa itokako. Wako walioikataa, wakasema sura ni sura, iwe kwa kalamu au kwa kioo. Mimi nafsi yangu nawafuata waliojuzisha. Na hatta wakataao, hapana kati yao aendaye Hija leo bila ya pasi yenye uso wake. Ila ukutani situndiki. Basi hayo yatosha, wala siyo yaliyonikalisha kuandika.

Siku ya Idi Mosi, miaka michache iliyopita, watoto wangu walikusanyika wote. Tangu lilipofunguliwa daraja la mto Kilombero mwaka 2018, walioko upande wa Ulanga hawana tena haja ya kungoja pantoni, na wa Dar es Salaam walikuwa wamefika usiku. Nikafurahi, nikamwita kijana mmoja mpiga picha aje nyumbani. Mke wangu alikuwa uani, mkononi ana mwiko. Nikamwita, "Njoo upigwe picha." Akaja, akajifuta mikono, akajitanda, akaketi pale alipoonyeshwa. Pilau haijapakuliwa, ndugu yetu aliyeko Maskati akapiga simu kutupa mkono wa Idi, akasema ametuona sote.

Usiku mke wangu akaniuliza, "Maalim, ile picha iko wapi sasa?" Nikamwambia iko katika simu ya yule kijana, na za watoto, na ya ndugu yetu. "Na nani mwengine?" Sikujua. Akasema, "Kabla ya kuuza gunia moja la mpunga huniuliza. Uso wangu hukuniuliza."

Nalitaka kumjibu kwamba alikuwa amejisitiri, na kwamba mimi ni msimamizi wa nyumba. Nikatafuta, nikaona majibu yote mawili ni dhaifu. Sitara ni hukumu moja, na ridhaa ni haki nyingine. Mtu hutoka njiani amejitanda, wala hatumchukui tukampeleka Maskati pasi na kumwuliza. Na huo usimamizi wetu, wanaume, twaupenda kuutaja, walakini bawabu amewekwa azuie mlango, hakuwekwa agawe vilivyomo ndani.

Tazameni amri ya kubisha hodi iliyo katika Suratu Nnur. Yule mtu aliyechungulia tunduni katika chumba cha Mtume (s.a.w.) alikemewa kwa ukali, akaelezwa kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Basi kamera ni nini illa jicho? Tena ni jicho litokalo na kile lilichokiona, likawaonyesha wasiokuwapo. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa ya kuwa mtu aliuliza kama yampasa kubisha hodi kwa mama yake, hali wakaa nyumba moja naye ndiye amtumikiaye, akajibiwa ndiyo. Ikiwa mwana hana ruhusa ya kuingiza macho yake mwenyewe kwa mama yake, mimi nimeipata wapi ruhusa ya kuingiza macho ya wengine kwa mama wa watoto wangu?

Wala jambo hili si jipya kwetu watu wa pwani. Nyumba za kupiga picha za Unguja, kama ya Gomes na ya ndugu wawili Coutinho, zamani za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ziliuza kadi za posta zenye sura za wanawake wa pwani. Nyingi hazina jina la mwenye uso. Chini pameandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au bibi wa Kiarabu. Kadi hizo zingali zikiuzwa Ulaya na Marekani. Ni mama wa nani wale? Nani aliyewaambia wakae?

Msidhani nasema haya kwa wepesi. Mama yangu aliulizwa mara moja katika uhai wake, akakataa, tukamwacha. Leo wajukuu waniuliza alikuwaje, nami nasema alikuwa mwembamba, ana mwanya, kisha maneno yanikatika, kwani uso wenyewe umeanza kunipotea. Picha ile ambayo haikupigwa naitamani sana. Lakini lau tungalimpiga amelala, kama kijana mmoja wetu alivyotaka, ningekuwa nayo leo na nisingeweza kuitazama.

Idi iliyofuata niliuliza mmoja mmoja. Binti yangu mkubwa alikubali kwa sharti isitoke nyumbani, na wavulana wakasema vivyo hivyo. Mama yao alisema, "Wapige wao, mie naangalia chungu." Picha hiyo moja imechapwa karatasi, iko sandukuni pamoja na hati ya shamba, nayo katika simu imefutwa mbele yangu. Ya mwaka ule wa kwanza nimemwandikia ndugu yangu wa Maskati aifute. Amejibu kwamba ameifuta yeye, lakini wale aliokwisha kuwapelekea hawajui wote.