Hatia ya Breki Isiyoshika

Watu wawili wana baiskeli ambazo breki zake hazishiki. Wote wawili wateremka kilima kimoja, siku moja ya mvua. Wa kwanza hakuti mtu njiani. Afika kwake, anywa uji, alala. Wa pili amkuta mtoto akivuka, naye amgonga. Huyu wa pili twampeleka mbele ya hakimu. Yule wa kwanza twaamkiana naye kama desturi. Je, wasomaji wetu, yule wa kwanza hana hatia?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Huku kwetu Usambara njia ni za kupanda na kushuka, na baiskeli nyingi ni zile nzito zenye rimu za chuma. Mwaka mmoja, siku ya kuamkia sikukuu, tulipaka rimu zetu mafuta zipate kung'aa mbele ya watu. Zikang'aa kweli. Asubuhi yake kukanyesha manyunyu, nasi tukateremka kuelekea kijitoni. Tulipobana breki, raba ziliteleza tu. Mbele yetu palikuwa na bibi mmoja mwenye mtungi kichwani. Akajitupa majanini, mtungi ukavunjika, yeye akasalimika. Tulipomwomba radhi alisema, "Mwanangu, mtungi utafinyangwa mwingine. Lakini wewe ulikuwa hujui?"

Tulilipa bei ya mtungi. Jibu hatukuwa nalo.

Maana jambo lenyewe halina siri. Raba huzuia gurudumu kwa kukwaruzana na rimu. Mafuta yakiingia kati, hapana kukwaruzana. Hata maji matupu huipunguza sana nguvu ya breki juu ya rimu ya chuma. Kwa hiyo wakati wa mvua yafaa kubana mapema, kidogo kidogo, ili rimu ijifute. Kuisafisha hakuchukui muda: maji ya sabuni na kitambaa safi. Mafuta ya taa huondoa uchafu, lakini huacha utando, basi lazima sabuni ifuate. Changarawe zilizojichimbia katika raba hung'olewa kwa ncha ya kisu, kwa kuwa hula rimu kama tupa. Na raba iliyokwisha hununuliwa nyingine. (Tumeona watu wakikosa fedha za raba, na kengele mpya wanayo.) Mafuta yana mahali pake, ndipo kwenye mnyororo.

Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe huachiliwa. Lakini kama alikwisha kuonywa, asimzuie, hatia ni yake. Twaona basi ya kuwa kosa lake lilianza siku ya kuonywa, kabla ya pembe. Nasi tutasema hatukuonywa? Asiyeinama kuitazama rimu yake aweza kusema kwa kweli, "Sikujua". Lakini kutojua huko amekutafuta mwenyewe.

Hata hivyo hatuthubutu kusema kwamba wale wawili ni sawasawa. Aliyegonga ana mama wa mtoto wa kumkabili. Ila uzembe wao ni mmoja, na aliyefika salama hakufikishwa na wema wake.

Bibi yule yu hai, na njia yetu ni ile ile. Breki zetu sasa zashika. Lakini akisikia kengele yetu huingia majanini kabla hatujafika, nasi hushuka, tukaikokota baiskeli mpaka tumpite.