Upepo Hauna Kiingilio

Kila nikisema huku Kericho kwamba vijana wetu wajifunze kuendesha mashua za tanga, jibu huwa ni lile lile: huo ni mchezo wa matajiri, tena wa watu wa pwani. Nakataa yote mawili.

Upepo unaojaza matanga katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria alasiri ndio huo huo unaopanda hadi kwenye majani chai yetu. Jua likishachoma nchi kavu, hewa ya ziwani husogea bara. Ikifika huku kwenye miinuko, hukutana na upepo wa mashariki, mawingu hujikusanya, na jioni mvua ya mawe hutushukia. Mchunaji chai anayetazama magharibi na kuwahisha kikapu kituoni keshaanza kuusoma upepo kama mwanamaji. Hata maji ni yetu: mito ya Itare na Kipsonoi huingia mto Sondu, na Sondu huishia ziwani.

Gharama hutisha kwa sababu watu hufikiria kununua mashua kwanza. Jifunze kuogelea. Kisha nunua jaketi la kuokoa maisha linalokutosha, lenye mikanda mizima. Hapo usibane pesa. Halafu shika njia ya Sondu na Oyugis hadi Homa Bay au Mbita, uombe nafasi kwa mvuvi anayetumia tanga. Utamtolea maji ngamani, naye atakufundisha. Mzee aliyenipakia alikuwa na tanga la magunia yaliyoshonwa kwa uzi wa nailoni, kiraka juu ya kiraka, na lilivuta vizuri kabisa. Alinipa demani, kamba ya kuongozea tanga, mkononi akasema, “Hii shika, usifunge. Upepo ukikuzidi, iachie.” Nilitaka kuizungusha kwenye ubao nipumzike. Akanitazama tu.

Mashua ndogo yenyewe haikuzaliwa kwa matajiri. Mwaka 1947, huko Clearwater, Florida, Clark Mills alibuni Optimist, kijimashua cha mtoto mmoja cha plaiwudi, ili wazazi wa kipato cha kawaida wamudu. Fundi wa Litein au Sotik anayetengeneza kabati imara ana mkono wa kazi hiyo, mradi apate michoro na gundi isiyoachia majini. Ukinunua kuukuu, chomachoma maungio kwa ncha ya kisu, maana rangi mpya huficha mbao iliyooza. Tanga lililochanika lisikusumbue, litashonwa.

Sisi tuna vyama vya kununuliana ng'ombe na matangi ya maji. Bonasi ya chai ikiingia, watu watano wanaweza kutenga kidogo kidogo wakapata mashua moja ya watoto wao. Isiletwe Kericho. Ikae ufuoni kwa makubaliano na kamati ya pale, mvuvi jirani alipwe kuitazama, nasi ndio tupande matatu kuifuata.