Mjane Alienda kwa Hakimu

Tufungue Luka 18. Yule mjane hakubaki akilalamika sokoni. Alipeleka kesi yake kwa hakimu asiyemcha Mungu, akarudi, akarudi tena.

Wapendwa, tunakesha tukiombea nchi itoke kwa ufisadi, na ni vizuri. Lakini mradi wa maji ukikwama mtaani, ni nani kati yetu ameomba kuona mkataba? (Mimi nilisomea biashara, hesabu zikifichwa, hata usingizi sipati.) Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu, na hulazimiki kueleza sababu. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Ombudsman. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru serikali itoe mikataba ya reli ya SGR, kwa sababu wananchi waliomba, wakanyimwa, wakaenda kortini.

Najua kuna watakaosema pasta ameingia siasa. Sawa, basi hata mjane aliingia.

Barua yako andika kwa Kiswahili, sheria inakubali. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo.