Wakati wa Kungoja

Wahenga wetu walituachia methali nyingi, na baadhi yake hupingana kama mashahidi wawili mbele ya kadhi. Methali moja husema, "Subira huvuta heri." Nyingine hujibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ukiifuata ya kwanza, utatulia mpaka jambo unalolitaka likufikie, ukiifuata ya pili, utainuka ulifuate. Mtu hawezi kukaa na kuinuka kwa wakati mmoja. Basi ni ipi iliyo ya kweli?

Swali hili si mchezo wa maneno. Hesabu, ewe msomaji, siku za maisha yako, uone ni ngapi ulizozipitisha katika kungoja. Mkulima hungoja mvua. Mgonjwa hungoja kupona. Mwanafunzi hungoja matokeo ya mtihani. Mama hungoja habari za mwana aliye mbali. Ikiwa kungoja ni kupoteza wakati, basi sehemu kubwa ya umri wa binadamu hupotea bure. Na ikiwa si kupoteza wakati, yatupasa tujue ni kungoja kwa namna gani kulikoepukana na hasara hiyo.

Ili tulipime swali hili, na tumtazame mtu mmoja ambaye kungoja kulikuwa sehemu ya kila mwaka wake. Yeye ni nyanya mshonaji wa kijiji cha Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Simtaji kwa jina, kwa maana hakuwa peke yake. Akina nyanya wa namna yake walikuwa wengi katika kijiji kile, na desturi nitakazozieleza zilikuwa zao wote katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Kijiji cha Gee's Bend kimezungukwa na mto Alabama pande tatu. Wakazi wake walikuwa wajukuu na vitukuu wa Waafrika waliotumikishwa kama watumwa katika mashamba ya pamba. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, lakini watu wale waliendelea kulima pamba katika ardhi isiyo yao, na aghalabu mavuno yao yaliishia katika kulipa madeni. Tangu siku za kupanda hadi siku za kuvuna hapakuwa na nafasi ya kupumzika. Wanawake walilima, wakapalilia, wakachuma pamba bega kwa bega na waume zao.

Kisha yalikuja majira ya baridi. Sisi tukaao karibu na ikweta huuhesabu mwaka kwa mvua, masika na vuli. Wao huuhesabu kwa joto na baridi. Toka Desemba mpaka Februari pamba haipandwi, na usiku maji huweza kuganda nje. Nyumba za mbao za zama zile zilikuwa na nyufa, upepo ukapenya humo kama mwenyeji, na watu walibandika magazeti ukutani ili kuuzuia. Hapakuwa na ombi wala amri ya kuliondoa baridi. Palikuwa na kungoja tu.

Tazama basi siku ya nyanya yule. Aliamka kabla ya jua, akauchochea moto, akapika, akawalisha watoto na wajukuu. Kazi za nyumba zilipokwisha, hakukunja mikono. Aliuleta mfuko wake wa matambara. Mlikuwa na suruali ya kazi iliyochanika magotini, shati lililochujuka mabegani kwa jua, gauni la mtoto aliyekwisha kukua, na gunia la unga lililofuliwa likatakata. Alikata sehemu iliyo nzima, akatenga iliyochakaa, akaunga kipande kwa kipande. Hakuwa na kitabu cha kumwonyesha mfano wa kuufuata. Aliyatandaza matambara yake sakafuni, akayatazama, akaona kwamba samawati ya hapa yataka nyekundu ya pale, akaamua.

Kitu alichokishona huitwa mfarishi. Ni blanketi la tabaka tatu. Juu ni vile viraka vilivyoungwa, katikati ni pamba, na chini ni kitambaa cha kuikinga pamba ile, aghalabu magunia. Pamba yenyewe ilikuwa masalio ya mavuno, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikalainika na kukubali kutandazwa. Kuunga viraka ilikuwa kazi ya mtu mmoja, lakini kuzishona tabaka tatu pamoja ilikuwa kazi ya jirani wote. Mfarishi uliwambwa katika fremu ya mbao iliyoning'inizwa darini kwa kamba. Wanawake waliketi kuuzunguka, wakashona mishono midogo midogo, huku wakizungumza, wakiimba nyimbo za kanisani na kuomba. Watoto waliwatungia wazee uzi katika sindano, kisha wakakaa chini ya mfarishi ule kama chini ya hema, wakitazama ncha za sindano zikitokeza juu ya vichwa vyao na kutoweka tena. Mfarishi wa nyumba hii ulipokwisha, walihamia nyumba ya pili.

Lifikiri jambo hili kwa makini. Nyanya yule hakuweza kuyafupisha majira ya baridi hata kwa siku moja. Kama angalilia, yangalikaa siku zile zile. Kama angalicheka, yangalikaa siku zile zile. Urefu wa kungoja haukuwa mkononi mwake. Lakini kazi iliyofanywa ndani ya kungoja kule ilikuwa mkononi mwake kabisa. Zaidi ya hayo, kazi aliyoichagua ilihusiana na jambo lenyewe lililomlazimisha kungoja. Baridi lilimfungia ndani ya nyumba, naye ndani ya nyumba akashona kitu cha kuwakinga wajukuu na baridi. Adui alimpa nafasi, naye akaitumia nafasi ile kujenga boma.

Si baridi la hewa peke yake linaloweza kukingwa hivyo. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa Gee's Bend, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alizikusanya nguo za kazi za marehemu, zile alizozivaa shambani, akazikata na kuziunga kuwa mfarishi. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Alisema kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe, na kulala chini ya nguo zake kwa ajili ya mapenzi. Huzuni nayo ni majira ya baridi. Hakuna awezaye kuiamuru iondoke kabla ya siku zake, lakini mtu aweza kufanya kazi ndani yake, na kazi ile ikamsaidia kuivuka.

Hapa huenda msomaji mmoja akasema, "Hayo ni kupitisha wakati tu. Hata mcheza bao hupitisha wakati, wala hatumwandikii insha." Neno hili lina haki ya kujibiwa. Mimi siudharau mchezo wala mapumziko; mwili uliolima miezi tisa una haki ya kukaa karibu na moto. Lakini kupitisha wakati na kuutumia wakati ni mambo mawili. Anayeupitisha hutaka uondoke usionekane tena. Anayeutumia hutaka uondoke ukiacha kitu. Mwisho wa baridi nyanya yule alikuwa na mfarishi, na mjukuu aliyejua kutunga uzi, na jirani aliyeketi naye siku nyingi na kuzijua shida zake. Vitu vitatu hivi havikuwapo Desemba; Machi vilikuwapo. Hicho ndicho kipimo. Ukitaka kujua kama uliutumia wakati wako wa kungoja au uliupitisha, tazama kilichobaki, na utazame ni nani atakayefaidika nacho.

Lakini liko pingamizi jingine lililo zito zaidi, na insha inayolikwepa haifai kusomwa na vijana. Mtu aweza kusema hivi: "Mnawasifu maskini kwa subira yao, na sifa hiyo ni kamba ya kuwafungia. Mwenye shibe siku zote humwambia mwenye njaa asubiri. Mtawala mbaya hupenda raia mvumilivu kuliko raia mwenye akili." Maneno haya ni ya kweli, tena Gee's Bend yenyewe yaweza kuyatolea ushahidi.

Watu wa kijiji kile walipotaka kwenda Camden, mji wa makao makuu ya wilaya yao, walivuka mto kwa kivuko. Mwaka 1962, wakati Waamerika weusi wa sehemu zile walipokuwa wakidai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko kile kiliondolewa. Mji ulio ng'ambo ya mto sasa ukawa mbali kiasi cha safari ya saa nzima kwa gari, na wengi hawakuwa na gari. Je, lilikuwa jambo la kukaa ndani na kungoja, kama wangojavyo baridi lipite? La, hasha. Baridi huletwa na mwendo wa dunia kulizunguka jua, wala halina chuki na mtu. Kivuko kiliondolewa na watu, kwa mkono wa watu, na watu hao walikuwa na uwezo wa kukirudisha. Kungoja mbele ya maumbile ni busara. Kungoja mbele ya dhuluma, bila neno wala tendo, ni kuisaidia dhuluma.

Watu wa Gee's Bend waliijua tofauti hiyo. Mnamo Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini kwao, na mikono ile ile iliyoshika sindano ilikuwa miongoni mwa iliyokwenda kudai kura. Baadhi yao walitiwa gerezani. Wengine walifukuzwa katika nyumba na mashamba waliyokodi. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu zile waliunda chama cha ushirika, Freedom Quilting Bee, ili wauze mifarishi yao na kupata fedha zisizotoka mkononi mwa bwana shamba. Hivyo kazi waliyojifunza katika kungoja kwa subira iligeuka kuwa silaha katika jambo lisilostahili kungojwa kwa subira. Kivuko kilirudi mwaka 2006, baada ya miaka 44.

Pima miaka hiyo. Hata mtu anayepigania haki hulazimika kungoja, kwa sababu haki haiji siku inayodaiwa. Katika miaka 44 watoto walizaliwa, wakahitaji kufunikwa usiku. Mpiganaji asiye na kazi ya kila siku hupoozwa na urefu wa vita; mwenye kazi ya kila siku asiyepigana huzeeka katika kifungo. Wanawake wale walishika yote mawili.

Imebaki sehemu ya habari hii ambayo naisimulia kwa tahadhari. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na baadaye katika jumba la Whitney mjini New York, na watu wajuao sanaa walistaajabu. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitoa stempu kumi za barua zenye picha za mifarishi ile. Usije ukadhani kwamba huo ndio ujira ulioihalalisha kazi yao. Wengi wa akina nyanya wa zamani walikufa kabla ya sifa hizo, na mifarishi mingi ilitumiwa mpaka ikararuka. Kama asingalitokea mgeni hata mmoja kuitazama, kazi yao isingalikuwa bure, kwa maana watoto walilala katika joto. Anayefanya kazi nzuri kwa sababu aitumaini sifa atakata tamaa sifa ikichelewa. Anayeifanya kwa sababu mtoto ataona baridi hana la kukatia tamaa.

Sasa narudi kwako, msomaji. Utamaliza mtihani wako wa mwisho wa shule ya sekondari, kisha zitakuja wiki ambazo huna la kufanya ila kungoja matokeo. Utatafuta kazi, na siku zitapita bila jibu. Siku moja, Mungu apishe mbali, utakaa karibu na kitanda cha mgonjwa. Katika kila kungoja kwako, jiulize maswali mawili. La kwanza: Je, jambo hili limechelewa kwa maumbile yake, au limezuiwa na mtu? Ikiwa limezuiwa na mtu, inuka ukaseme naye, na usipodhurika wewe peke yako, uende pamoja na wenzako. La pili: Mkononi mwangu mna matambara gani? Huenda ni kitabu kisichosomwa, shamba la mzazi lenye magugu, mdogo wako asiyejua hesabu, au mzee wa jirani ambaye hana wa kumtekea maji. Mali ya namna hii haina thamani sokoni, lakini hakuna nyumba inayoikosa kabisa.

Basi methali zetu mbili hazigombani. "Subira huvuta heri" yamhusu mtu aliye mbele ya jambo lisilosikia amri, naye yumo katika kazi. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" yamhusu mtu anayengoja kilicho katika uwezo wake au haki yake, naye amekaa. Kosa ni kuikosea methali mahali pake: kuikimbilia ile ya kwanza penye kuhitaji ushujaa, na ile ya pili penye kuhitaji utulivu. Kuzitofautisha ni kazi ya akili, na hakuna mtu atakayekufanyia. Lakini hata kabla hujapata uhakika, sindano unaweza kuishika leo.