Wazimu, Kichaa, Majinuni: Adabu ya Kumtaja Mgonjwa

Konda akizidisha nauli, abiria humfokea: "Wewe kichaa nini?" Kituo kinachofuata, redio ya daladala hiyohiyo inamsifu mwanamuziki kwamba jana "aliwapagawisha" mashabiki. Neno la ugonjwa limegeuzwa tusi, la kupandwa na pepo limegeuzwa sifa, na safari inaendelea. Huenda kiti cha nyuma ameketi mama anayempeleka mwanawe kliniki ya afya ya akili. Yeye huyasikia yote mawili.

Maneno haya yana historia. "Wazimu" lina undugu na "mzimu", roho ya marehemu: mtu akibadilika ghafla, wazee walisema ameingiliwa. "Majinuni" limetoka kwenye Kiarabu, nalo linamtaja aliyeshikwa na jini. "Mwehu" ni aliyeehuka, yaani akili imemtoka. "Punguani" hubeba ndani yake kitenzi pungua. Mawili ya kwanza yalikuwa njia ya watu kueleza balaa wasilolielewa, na lawama walimtupia pepo. Siku hizi mara nyingi pepo hatajwi, ila lawama imebaki kwa mgonjwa.

Hayati Ali Hassan Mwinyi, rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, aliilinganisha timu ya taifa ya soka na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayejifunza kunyoa hukifanyia mazoezi. Usemi huo umeenea hadi leo kila timu inapofungwa. Wanaoutumia husikitikia timu. Ni wachache wanaomfikiria mwenye kichwa chenyewe, aliyeketi chini ya wembe wa mwanagenzi kwa sababu hakuna atakayemsikiliza akilalamika.

Majina ya hospitali za magonjwa ya akili nayo hayakusalimika. Tanzania, mtu akitaka kumdhalilisha mwenzake humwambia arudi Mirembe, hospitali ya Dodoma. Nairobi hutajwa Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910. Madhara yake ni makubwa kuliko mzaha wenyewe: familia inayoona dalili kwa kijana wao huogopa kumpeleka, kwani jina la mahali pa tiba limekwisha kuwa fedheha mtaani. Kijana hufichwa chumbani, pengine hufungwa kamba, huku dawa zipo.

Muungwana basi atenganishe mambo. Aliyekasirika aitwe mkali; aliyekosea aitwe mkosaji; mchezaji hodari asifiwe kwa uhodari wake. Anayeumwa atajwe kwa ugonjwa wake, ukijulikana: huyu ana sonona, yule ana kifafa, mtoto wa jirani ana mtindio wa ubongo. Kifafa si wazimu, wala mtindio wa ubongo si upunguani, na kuvirundika pamoja ni kuwadhulumu wote. Usipojulikana, "ana ugonjwa wa akili" inatosha. Katiba ya Tanzania ya 1977 yenyewe, katika ibara ya 5 inayohusu haki ya kupiga kura, inasema "ugonjwa wa akili".

Wapo watakaosema kwamba ulimi wa watu wazima haufundishiki tena. Hebu wakumbuke neno "zeruzeru". Kizazi kimoja tu nyuma lilitamkwa hadharani bila haya. Leo mtangazaji husema "mtu mwenye ualbino", na msikilizaji hashtuki. Mabadiliko hayo yaliletwa na watu waliorekebishana, nyumbani na kazini, kwa upole na bila kuchoka.

Adabu kubwa zaidi hupimwa mgonjwa anaporudi. Mtaani hupokewa kwa minong'ono: "Yule aliyechanganyikiwa karudi." Watoto hujifunza jina hilo kabla ya jina lake halisi. Mzazi akiwasikia, awaite palepale, awaambie anaitwa nani na wamwamkie shikamoo kama wanavyomwamkia kila mkubwa. Na kama kabla ya kuugua alikuwa fundi cherehani, jirani mwenye kitambaa ndani ampelekee, wakubaliane bei, amwachie ashone.